Alama Nyekundu Katika Picha Isiyo na Rangi

Wewe mwenzangu, huenda ukarudishwa utotoni na harufu ya mkate wa kumimina, au na sauti ya mama akikuita uoge. Mimi nilirudishwa na kiko. Nilikuwa nimekaa mkahawani Ruwi, mtaa wa Maskati, karibu na kituo cha mabasi, nakunywa chai ya maziwa yenye hiliki, simu mkononi. Niliacha shule mapema, na tangu hapo elimu yangu ni ya kupekua. Kila kitu kilichofungwa nakifungua nikione. Basi siku hiyo nikawa napekua picha za sinema za zamani, zile zisizo na sauti, mara akatokea mwanamume mwembamba wa Kiingereza, kofia kichwani, kiko mdomoni, kioo cha kukuzia mkononi. Chai ikanipoa. Nilimjua mpelelezi yule, na nilimjua zaidi aliyekuwa akitusomea maneno yake. Huyo wa pili sijapata kumsamehe, na nataka uelewe tangu mwanzo kwamba sikujaribu.

Tulikaa hapo hapo Ruwi, ghorofa ya pili, mimi na bibi yangu aliyenilea. Jengo zima lilikuwa la watu waliotoka Unguja. Ukipanda ngazi saa sita mchana ulipita katikati ya nazi inayokunwa, samaki wa kukaanga, na Kiswahili kilichochanganywa na Kiarabu mpaka hujui mtu amegombana kwa lugha gani. Bibi yangu alikuwa mpakaji hina. Kazi yangu mimi ilikuwa kuichekecha kwa kitambaa chepesi, kukamua ndimu, na kuchemsha chai ya rangi ya kuchanganyia. Nilipiga chafya siku nzima. Yeye alichovya kijiti, akachora maua mikononi mwa wanawake bila kuinua kichwa, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa vyekundu daima, wekundu wa kukolea usiotoka kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Nikimtafuta katika msongamano wa arusi sikutazama nyuso. Nilitazama mikono.

Chini yetu alikaa jirani tuliyemwita Karani. Ujanani alikuwa karani katika nyumba ya sinema huko Unguja, na sasa alikuwa karani wa ofisi fulani Maskati. Alikuwa na mashine ya kuonyeshea picha, nzito kama cherehani, na mikanda ndani ya makopo ya bati. Kila Ijumaa, watu wakishasali na kula, jengo zima liliteremka nyumbani kwake. Mablanketi yalipigiliwa madirishani, shuka jeupe likatandazwa ukutani, mashine ikaanza kutatarika na kutoa harufu ya vumbi lililopata moto. Wanawake walikaa kwenye mikeka na sahani za visheti, wanaume nyuma, sisi watoto mbele kabisa.

Picha alizozipenda zilikuwa za yule mpelelezi. Kwa vile hazikuwa na sauti, kila baada ya kitambo kilitokea kibao cheusi chenye maandishi ya Kiingereza, na hapo wote tuligeuza shingo kwa Karani. Yeye peke yake ndiye aliyekijua Kiingereza. Alisoma kimyakimya, akasafisha koo, kisha akatupa maneno kwa Kiswahili kizuri mno. Jina la mpelelezi lilikuwa gumu, kwa hiyo tukamwita Bwana Kiko. Katika mkanda mmoja Bwana Kiko alikuwa mwembamba kama ufagio, katika mwingine ana kitambi na mashavu.

"Karani, huyu siye wa wiki iliyopita!" akasema mama mmoja. "Kanenepa lini?"

"Mpelelezi hujibadilisha, bibie," Karani akajibu. "Ndiyo kazi yake."

"Basi na wewe huenda ukawa mpelelezi, maana kila Idi tumbo hilo si lile!"

Tulicheka mpaka mashine ikatikisika. Na kila mara mtu alipoona maneno ya Karani yamepita kiasi, aliuliza, "Ndivyo ilivyoandikwa?" naye akajibu kwa sauti ya imamu, "Ndivyo ilivyoandikwa." Basi, khalas. Nani angebisha?

Sasa nisikilize. Mke wa Karani alikuwa na bangili ya dhahabu aliyoachiwa na mama yake, yenye vichwa viwili vya nyoka vinavyotazamana, kimoja kimepoteza jicho. Alhamisi moja akamwita bibi yangu ampake hina. Unajua mwenyewe mambo ya hina: mwanamke huvua kila kitu mikononi, kisha hukaa kitako saa nzima, vitambaa vimefungwa, hawezi hata kujikuna pua. Alivua bangili akaiweka juu ya kisanduku cha nguo. Bibi akapaka, akafunga, akanawa, akaondoka. Jioni vitambaa vilipofunguliwa, bangili haikuwapo.

Hakuna aliyetaja jina la mtu. Kesho yake ikawa Ijumaa, tukateremka kama kawaida. Picha ilikuwa ya mama mmoja tajiri aliyeibiwa mkufu chumbani mwake. Bwana Kiko akapita chumba hadi chumba na kioo chake. Akamtazama mtumishi mmoja mzee, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Kibao kikatokea. Karani akasafisha koo.

"Bwana Kiko anasema: 'Nimeona alama nyekundu za vidole juu ya kisanduku. Mwizi ni mwanamke aliyeingizwa chumbani kwa ajili ya kazi ya mikono yake.'"

Nilisikia bangili zikigongana gizani. Wanawake walikuwa wanaficha mikono ndani ya kanga. Hakuna aliyegeuka, lakini nilihisi chumba kizima kikimtazama bibi yangu kwa kisogo.

Bibi akauliza taratibu, "Ndivyo ilivyoandikwa, Karani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bi Mkubwa."

Kisha akazima mashine. Mkanda wa mwisho, akasema, umeharibika kwa joto. Mwisho wa hadithi ndio huo huo, mtumishi alikamatwa. Watu wakabandua mablanketi madirishani, mwanga ukaingia, na bibi yangu alikuwa amekaa na vidole vyake kumi mapajani, vyekundu, havina pa kwenda.

Asubuhi yake, nikichekecha hina ambayo hakuna aliyeiagiza, jambo likanijia. Nikamwambia, "Bibi, picha ile haina rangi."

"Nnajua."

"Basi Bwana Kiko wekundu kauonaje?"

Aliendelea kukunja vitambaa vyake. "Wameuona wote waliokuwamo, mwanangu. Wewe peke yako ndiye hukuuona."

Idi ikaja, hakuna aliyegonga mlango wetu. Miaka yote foleni ilifika mpaka ngazini; mwaka ule nilisikia viatu vikipanda, vikatupita, vikaenda ghorofa ya tatu kwa msichana ambaye hata ua la mkarafuu hakujua kulichora. Shuleni wasichana waliniona wakaitana, "Ficheni bangili, huyo anakuja!" Nilipigana mara tatu, mara ya nne sikurudi darasani tena. Lakini hayo yangu si kitu. Nilichoshindwa kukivumilia ni mikono ya bibi. Wekundu ukaanza kutoka kwenye kucha, ukashuka mpaka kwenye viungo, kisha ukaisha. Kwa mara ya kwanza niliona vidole vyake ni vya rangi gani. Alikufa navyo hivyo, vyeupe kama vya mgonjwa, na waliomwosha ni wale wale waliokuwa wameficha mikono yao.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi katika saluni ndogo ya Wadi Kabir, mtaa mwingine wa Maskati, katikati ya gereji mbili, harufu ya hina ikigombana na ya dizeli. Akaja mwanamke mmoja mchangamfu, mkaazi wa jengo la mbele. Akavua bangili ili nimpake. Vichwa viwili vya nyoka, kimoja hakina jicho.

"Nzuri," nikasema.

"Kanipa mume wangu, wallahi. Haji ila Jumatatu na Jumatano, ana mke mwingine Ruwi asiyejua habari." Akacheka. "Karani wa ofisi, lakini ukimsikia anavyosoma vibao vya sinema utadhani kaziunda yeye."

Nilimpaka vizuri sana. Jioni ile ile nilikwenda Ruwi kwenye mlango wa Karani, nikakuta wamehama, na wapangaji wapya hawajui walikokwenda. Kumvizia Wadi Kabir sikutaka, maana habari ile ilikuwa ya kusikiwa na mkewe wa Ruwi; nikaibeba nikaondoka nayo. Nimeishi Dubai, nikaishi Doha, nikaishi Mombasa; nimeuza manukato, nimepika kwenye kambi za wafanyakazi, nimewaogesha wazee wa watu. Nikiwa nasubiri basi au nakoroga sufuria, nilikuwa natunga maneno nitakayomwambia siku nikimpata. Nilikuwa na ya kumwambia akiwa tajiri, na mengine nikimkuta kafilisika. Sikuwa nimefikiria kwamba nitamkuta kipofu.

Basi pale mkahawani Ruwi, nilikorudi baada ya miji yote hiyo, picha iliyokuwa kwenye simu yangu ilikuwa ile ile ya mkufu. Kuna watu wamezitafuta picha hizo maghalani, wakazisafisha, wakazitilia muziki wa piano. Na Kiingereza nilishajifundisha zamani, kwa sababu moja tu. Nikafika pale Bwana Kiko anapomtazama mtumishi. Kibao kikasema: huyu bibi hana kosa. Nikaendelea mpaka kwenye mkanda wa mwisho, ule ulioharibika kwa joto, na kibao kikasema: mwizi ni mume. Nilicheka kwa sauti mpaka mhudumu akaja kuuliza kama chai ina kitu.

Siku chache baadaye, katika duka la vitambaa, mtu akanishika bega. Alikuwa binti wa Karani, tuliyekuwa tukikaa naye mbele ya shuka.

"Ewe! Ni wewe kweli? Mashallah! Umepotelea wapi?" Akanieleza kwamba wanakaa Madinat Sultan Qaboos, baba yake macho yameondoka kwa kisukari, na kila siku anazitaja picha zake. "Watoto wanamwekea, lakini hawana subira ya kumsomea."

"Ntamsomea mimi," nikamwambia.

Ijumaa nikaenda. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepaka hina vidole vyote kumi, ikakolea kama ya bibi. Nyumba ilikuwa kubwa, pilau limeliwa, wajukuu wamejaa sebuleni, televisheni pana kama lile shuka letu. Karani alikuwa kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti. Mkewe alikaa kando na tasbihi yake.

"Nani huyu?" akauliza Karani.

"Mjukuu wa Bi Mkubwa, yule mpakaji hina," nikasema.

Akainua uso. "Allah amrehemu. Alikuwa fundi."

Nikawaambia wajukuu waweke ile picha ya mkufu, muziki ukaanza nami nikasoma, neno kwa neno, na uso wake ukalainika. Wakati mwingine alinitangulia, maana vibao alivikumbuka vyote. Tulipofika kwa mtumishi, nikasoma: "'Huyu bibi hana kosa.'"

Fimbo ikasogea. "Basi, zimeni. Mkanda wa mwisho umeharibika."

"Umetengenezwa, ami," nikasema. "Siku hizi wanatengeneza kila kitu."

Nikasoma, "'Mwizi ni mume.'" Hicho kilikuwa kibao cha kweli. Kilichofuata kilikuwa kinamtakia mtu safari njema ya gari moshi, lakini mimi nilisafisha koo kama alivyokuwa akisafisha yeye. "Bwana Kiko anasema: 'Bangili ya vichwa viwili vya nyoka, kimoja hakina jicho, umeichukua mkeo akiwa amefungwa mikono kwa hina. Umeipeleka Wadi Kabir, ukamvika mke wa Jumatatu na Jumatano. Dhambi ukamtwika mwanamke mwenye vidole vyekundu.'"

Mjukuu mmoja akacheka. "Wadi Kabir? Kwani Uingereza nako kuna Wadi Kabir?"

Nilimpenda mtoto yule. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri mtu mmoja aulize swali la namna hiyo.

Karani alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yangu. "Ndivyo," akasema, akaanza tena, "ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, ami."

Mkewe hakujua Kiingereza, hakukijua wakati ule wala sasa. Hakutazama televisheni. Alivitazama vidole vyangu kimoja kimoja, mpaka cha kumi, kisha akaiweka tasbihi yake mezani.

"Soma tena, mwanangu," akasema. "Polepole."

Nikasoma tena, polepole.

Watu watakuambia kisasi hakina ladha. Wanaosema hivyo ni wale ambao hawajakionja. Nilitoka mle nikiwa mwepesi, nikapanda basi mpaka Ruwi, nikapanda ngazi za jengo letu. Wanakaa watu wengine sasa, wa lugha nyingine, na ngazi zinanukia bizari za kwao. Nyuma ya kila mlango televisheni inazungumza peke yake. Hakuna blanketi dirishani, hakuna shuka, hakuna shingo hamsini zinazogeuka kumngoja mtu mmoja awaambie kimeandikwa nini. Kila mtu anajisomea mwenyewe. Ni vizuri hivyo. Lakini nilisimama mbele ya mlango wetu nikatambua kwamba habari niliyoibeba miji yote ile, nimeifikisha kwa kila mtu isipokuwa yule mwenye haki ya kuisikia.

Nikateremka sokoni nikanunua hina ya unga na ndimu sita. Nimeichekecha kwa kitambaa, nimepiga chafya zangu. Ile ya Ijumaa imeanza kutoka kwenye kucha, na mimi sitauacha wekundu huu ushuke mpaka kwenye viungo.