Fundi Milango na Pazia Lake

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini hata wahenga wangemwona Fundi Milango wangetikisa kichwa. Mtu huyu alikuwa ameziwekea milango nusu ya nyumba za watu kwenye halmashauri ile mpya, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa na pazia. Pazia la maua ya zambarau, limepigiliwa misumari miwili. Upepo ukija linapanda juu, na jirani anaona mpaka kitandani.

Alipofika kule pembezoni mwa jiji palikuwa na vichaka na njia moja ya baiskeli. Viwanja vilionyeshwa kwa kidole: kuanzia kile kichuguu mpaka kwenye ule mti uliokatika. Kisha serikali ikapatangaza kuwa halmashauri, ikajenga ofisi yenye bendera, na watu wakamiminika. Leo greda linapita, kesho nguzo za umeme zinalazwa kando ya barabara, keshokutwa kuna duka la simu mahali ambapo juzi mbuzi walikuwa wakila majani. Ukisafiri ukakawia kidogo, ukirudi unaulizia njia ya kwako mwenyewe.

Na watu wa kule walikuwa na mtindo wao wa kuhamia. Hakuna aliyesubiri nyumba iishe. Ukisubiri iishe, walisema, utaisha wewe. Chumba kimoja kikishapata bati, unaziba madirisha kwa matofali yaliyopangwa tu, unaweka mlango, unaingia. Plasta, sakafu na rangi vitakukuta humo humo. Kwa hiyo maisha mapya ya kila mtu yalianzia kwenye karakana ya Fundi Milango, kibanda cha bati kando ya barabara kuu. Walikuja kwake na vipimo vimeandikwa kwenye kiganja cha mkono, macho yanang'aa. Fundi aliyapenda macho hayo kupita kiasi, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa bado mjini kwenye vyumba vya kupanga, yeye na cherehani yake na mabinti zao mapacha. Siku za kazi fundi alilala kule kwenye nyumba, nyuma ya pazia, na Jumapili alikwenda mjini kuwaona. Mazungumzo ya Jumapili yalikuwa yale yale.

"Mlango?"

"Kesho, mama."

"Bwana Kesho," mkewe alisema, akiendelea kukanyaga cherehani. "Na wateja wako nao unawaambia kesho?"

Hapana. Wateja aliwaambia leo, na Mama Pacha alilijua hilo vizuri, ndiyo maana aliuliza.

Si kwamba wa kwake hakutengeneza. Alitengeneza. Mlango wa kwanza aliuegemeza ukutani vanishi ikauke, akaja kijana aliyeoa wiki ile ile. Fundi wake alikuwa amemtoroka, na bibi harusi yuko kwa shangazi anasubiri kwenda kwake. Basi, mlango ukaenda na maharusi. Wa pili ulichukuliwa na bibi mmoja aliyeishi peke yake, ambaye mbwa wa watu walikuwa wakiingia mpaka jikoni na kumlia chakula akiwatazama. Fundi alipomweleza mkewe, alijitetea kwa methali, kama wanaume wengi walioishiwa na hoja.

"Tenda wema nenda zako, Mama Pacha."

"Nenda zako, sikukatazi. Lakini usiende na mlango wangu."

Mwaka huo halmashauri ikafungua sekondari yake ya kwanza, na mapacha wakapata nafasi. Hapo Mama Pacha akasimamisha cherehani, jambo ambalo hakulifanya hovyo.

"Sikiliza, baba. Mwisho wa mwezi mkataba wa vyumba hivi unakwisha. Nakuja na watoto na vitu vyote. Nikikuta mlango, nashusha mizigo. Nikikuta pazia, gari linageuza, nasaini hapa mwaka mwingine, na hawa watasoma huku huku. Siwezi kulaza mabinti wawili nyuma ya kitambaa."

Hakupaza sauti. Fundi angependa apaze, maana mwanamke anayefoka hupoa. Huyu alikuwa ameshapoa, na bado alimaanisha. Siku ile fundi alirudi kwake amenyong'onyea. Alikuwa amechoka kula peke yake kwenye sufuria. Alikuwa amechoka kuwa mgeni wa Jumapili kwa watoto wake mwenyewe, anayepewa kiti kizuri na kuulizwa habari za safari. Mwaka mwingine wa namna ile asingeuweza, na alijiambia hivyo kwa sauti, njiani, watu wakimtazama.

Mlango wa tatu akautengeneza kwa mvule. Aliupiga randa mpaka ukateleza, akausugua msasa, akauchongea ua dogo katikati, na safari hii hakuuegemeza popote. Aliupeleka moja kwa moja nyumbani, akaufunga kwenye bawaba zake, akatia kitasa, ili usipate nafasi ya kutembea. Kisha akaanza kuufungua na kuufunga, kuufungua na kuufunga, mpaka jirani akamuuliza ana wageni wangapi.

Siku moja kabla ya familia kuhamia, mchana, akaja hapo nyumbani muuguzi wa zahanati mpya, anahema. Zahanati ile ilifunguliwa mbio mbio kama kila kitu kule. Rangi ilikuwepo, vitanda vilikuwepo, lakini mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuja mkubwa kuliko tundu lake, mkandarasi akaurudisha, na hajaonekana tena.

"Fundi, nina mama ana uchungu," alisema muuguzi. "Benchi la wagonjwa linatazamana na kitanda chake. Tumetundika shuka, linapepea. Amekataa kupanda kitandani, anasema bora akazalie kwake."

"Dada, karakana nzima sina mlango uliokamilika."

Ilikuwa kweli tupu. Muuguzi akashukuru, akageuka kurudi kazini kwake. Fundi akabaki amesimama, mkono kwenye kitasa cha mvule.

Nisimfanye malaika. Aliitoa skrubu ya kwanza akijitukana, na ya pili akamtukana mkandarasi, na mkokoteni ulipokuwa ukiruka kwenye mashimo alikuwa ameshafika kwa aliyebuni milango duniani. Lakini alikwenda. Akaupunguza mlango ubavuni kwa randa, akaufunga, akausukuma ukajaa kwenye tundu lake bila kulia. Mama akapanda kitandani. Kabla jua halijatua kitoto kikalia nyuma ya ule mlango, kikali kweli, na benchi zima la wagonjwa likapiga makofi. Fundi naye alipiga, machozi yanamtoka, akicheka. Kisha akakumbuka nyumbani, na mikono ikamshuka.

Asubuhi akaoga, akavaa shati safi, akakaa juu ya matofali mbele ya pazia lake, lililorudi mahali pake, akisubiri hukumu. Pikapu ikaja imepakia vitanda, masufuria na cherehani. Mapacha walikuwa wamekaa juu ya magodoro wakipunga mikono, na kando yao kulikuwa na kitu kirefu kimeviringishwa blanketi. Mama Pacha akashuka. Akalitazama pazia. Pazia nalo, kwa kukosa adabu, likapepea.

"Mama Pacha, kuna mama mmoja jana—"

"Usinieleze."

"Alikuwa na uchungu, na shuka—"

"Nimesema usinieleze, baba. Wasichana, shusheni."

Mapacha wakakivuta kile kitu kirefu, blanketi likaanguka. Ulikuwa mlango.

Fundi alifurahi kama mtoto. Mizigo inashuka, watoto wake wamekuja! Furaha ikadumu mpaka mkono wake ulipogusa ubao.

"Nani kaupiga huu?"

"Fundi wa mjini."

"Yupi? Yule wa karibu na kituo? Mke wangu, yule randa haijui! Tazama huku chini. Na hii gundi, kaimwaga kama uji."

"Anajua kumaliza," alisema Mama Pacha.

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Ulijuaje?"

"Nimeishi na wewe miaka yote hii, nisijue? Siku uliyoniambia umeanza ule wa mvule, ndiyo siku niliyoagiza huu." Hapo akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko chake kikawaambukiza mapacha, dereva na jirani aliyekuwa akijifanya anafagia.

Ikawa shughuli. Yule bwana harusi akaja na mkewe wakabeba magodoro. Bibi wa mbwa hakubeba chochote, lakini aliwaelekeza wote. Fundi aliurekebisha mlango wa mwenzake huku akilalamika, akahamisha bawaba huku akilalamika, na kila mtu aliona kwamba hajawahi kuwa na raha kiasi kile. Alipoingiza skrubu ya mwisho, bwana harusi akajikuna kisogo.

"Fundi, mdogo wangu anahamia Jumamosi. Na hana..."

Fundi akautazama mlango. Mdomo ukaanza kufunguka.

"Huu si wake," Mama Pacha aliwahi. "Nimeununua mimi. Hawezi kugawa kisicho chake."

Wakacheka mpaka bibi akaomba kiti. Kisha Mama Pacha akatoa funguo tatu: mmoja akautia kwenye mkoba wake, mbili akawapa mapacha.

"Na mimi?" aliuliza fundi.

"Wewe utagonga."

Alidhani ni utani. Kesho yake alipofunga karakana akarudi kwake na vumbi la mbao kwenye nywele, akasukuma, mlango ukamgomea. Ndani cherehani ilikuwa ikinguruma na mapacha wakibishana kuhusu meza. Akagonga.

"Nani?" aliuliza mkewe.

Fundi alisimama pale akitabasamu peke yake, akingoja aulizwe tena.