Kati ya Sifuri na Moja

Alistidia wa Nshambya alikuwa mchapaji katika ofisi moja ya kusaidia yatima mjini Bukoba, miaka ile ukimwi ulipokuwa ukifunga nyumba zilizonusurika vitani. Nilifanya naye kazi, na kompyuta yetu niliichukia kabisa. Kichwa kigumu! Iliuliza: mama yupo? Ukijibu ndiyo, mtoto hapati kitu.

"Dada yangu Anatolia yupo," Alistidia alimwambia Rugaibula, fundi wa ile mashine. "Lakini hata ndoo hainui. Kokwijuka, kabinti kake, ndiye anayempikia. Wanalala njaa, ndugu yangu."

Rugaibula alikuwa amesomea hesabu ambayo ndani yake jambo haliwi kweli au uongo tu. Laweza kuwa kweli nusu, au robo. Akaiandika programu upya. Sasa ingeuliza: mama ana nguvu kiasi gani, kuanzia sifuri hadi moja?

Tukaenda kijijini kwake, Kaagya, kujionea. Maskini Anatolia! Aliposikia wageni wanakuja alioga, akatandaza nyasi mbichi sebuleni, akavaa gauni la kanisani, akapiga magoti kutupa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, kama mwanamke wa Kihaya aliyelelewa akaleleka. "Karibuni, waitu," akasema, anatabasamu. Kwa programu ya zamani angeandikwa mama yupo, tena buheri wa afya, na heshima yake ingemnyima mwanawe chakula.

Rugaibula alitafuna kahawa taratibu. Anatolia akataka kuinuka, akashindwa. Kokwijuka akaja bila kuitwa, akamshika kwapani, akamnyanyua. Ilionekana ni kazi yake ya kila siku.

Ofisini, wa kuchapa alikuwa Alistidia. Alipofika kwenye swali la nguvu za mama, akaondoa mikono kwenye mashine.

"Andika ulichokiona," Rugaibula alimwambia kwa upole.

Akachapa sifuri nukta mbili, kisha akalia waziwazi mbele yetu. Inauma kujua dada yako amebaki kiasi hicho. Kukiandika kwa mkono wako kunauma zaidi. Mashine ikajibu: mtoto apewe chakula.

Jumamosi tukapeleka unga na maharage. Safari hii Anatolia alikuwa kitandani, gauni la kanisani limetundikwa ukutani. Akatazama magunia, akamtazama mdogo wake.

"Si wanapewa yatima tu? Hiyo kompyuta yenu imesema nimeshakufa?"

"Hapana, dada," Alistidia akajibu, akimfunika miguu. "Imesema upo."