Mistari Yote Myekundu

Asubuhi ile nilifungua kompyuta dukani kwangu Mtendeni, kabla wateja wa asali hawajaanza kulalamikia bei, nikakuta kamusi ya mama imefutwa. Yote.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Maneno yale ya Kinyamwezi nilimrekodi mwenyewe jikoni kwake Cheyo, nikayaandika kila neno mstari wake, nikaapa hakuna atakayegusa hata nukta. Mtu mwingine mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kuingia humo: mtani wangu, Mzaramo aliyeolewa huku kwetu Isevya, fundi wa programu, aliyekuwa akiiandaa kamusi iingie kwenye simu. Tulitumia programu inayotunza kila toleo la kazi na kuonyesha nani kabadilisha nini: kilichotolewa kwa rangi nyekundu, kilichoingizwa kwa kijani.

Basi nikaona mistari mia sita myekundu, na chini yake mamia ya kijani; kila niliousoma ulifanana na ule wa kwanza herufi kwa herufi. Nikailinganisha tena michache, maana sipokei hata ndoo ya asali bila kuipima mara mbili. Ileile. Mwizi gani anahamisha nyumba nzima, halafu anairudisha palepale na sufuria juu ya mafiga?

Utani una ruhusa nyingi. Mtani anaweza kukutukana msibani na ukacheka. Lakini kuchezea maneno ya marehemu? Nikampigia simu.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Mnyamwezi wewe, tangu lini ukanisalimia kwa adabu? Sema, nimeshakaa chini."

Nikamwambia. Akaja mwenyewe dukani. Alishuka kwenye bodaboda na kompyuta yake mpya ya mtumba kwapani, akaanzia mlangoni: "Wapagazi nyie! Mlibeba meno ya tembo mpaka kwetu pwani bila kudondosha hata moja, leo mnaangushwa na alama isiyoonekana!"

Akaeleza. Mstari unapoisha, kompyuta huacha alama ambayo jicho halioni. Yangu huacha moja, hii yake ya mtumba huacha mbili. Alipohifadhi kazi, kila mstari uliota mkia, na programu ikaiona yote kuwa mipya. Akaandika amri ya kupuuza mikia. Wekundu wote ukatoweka.

Sikumaliza hata kushusha pumzi. Ulibaki mstari mmoja wa kijani.

Sitauandika hapa. Lilikuwa tusi la Kinyamwezi kuhusu makalio ya mtu mvivu, na pembeni yake maelezo kwa Kiswahili sanifu kabisa.

"Hili mama hakulisema."

"Kwako."

"Mama aliimba kwaya ya Moravian maisha yake yote!"

"Na mimi nilikuwa mtani wake. Nilimwogesha siku moja alipokuwa mgonjwa, maji yakiwa ya baridi, akanipa hilo. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, liandike, maana yule mwanangu naona aibu kumwambia."

Nilisoma mstari ule mara mbili. Halafu nikamwuliza linatamkwaje, maana sikuwahi kulisikia kinywani mwa mama.

Akalitamka kwa sauti ya mama, kikohozi na vyote. Mteja aliyekuwa anaingia na ndoo yake akageuza.

Nikaukubali mstari.