Nilivyodaiwa deni nililokwishalipa kwa ndoo ishirini (Gerezani, Kariakoo)

Wakuu, nawasalimu wote humu. Wazee wenzangu hamjambo, vijana leteni shikamoo zenu kwanza ndipo msome.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Chumvi sitii, maana ukweli wenyewe unatosha.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni mwanangu wa tatu. Wiki hii benki wamemnyima mkopo. Eti ripoti yake inaonyesha anadaiwa, wakati deni lenyewe alishalimaliza miaka mingi iliyopita mpaka kalisahau. Amenuna, haongei na mtu. Nikamwambia tulia wewe, baba yako yalimkuta hayo kabla kompyuta haijafika Bongo.

Ni enzi za Ujamaa, miaka ya themanini mwanzoni. Sukari foleni, sabuni foleni, na bati ndiyo usiseme kabisa.

Mimi nilikuwa fundi bati Gerezani. Mmwera mimi, nimekuja kutoka Lindi na nyundo moja na mkasi wa kukatia bati. Nagonga ndoo, majiko, koroboi, masanduku ya wanafunzi wa bweni. Mtaa ule mchana ulikuwa huwezi kuongea na mwenzio, ni nyundo tu. Mpaka leo sikio la kushoto halisikii vizuri, ukiniita niite kwa kulia.

Bati madukani hakuna. Linapatikana kwenye ushirika wetu wa mafundi. Unachukua, unaandikwa kwenye daftari, ukiuza mali yako unarudi kulipa.

Sasa mwaka mmoja mke wangu akaugua, nikaila hela ya bati.

Kukopa harusi kulipa matanga, wakuu. Nikawa namkwepa katibu wa ushirika, mzee Kibwana. Nikimwona huku nazunguka kule, mtu mzima napita vichochoroni kama nimeiba kuku.

Siku moja akanibana. Wala hakufoka.

"Fundi, hela huna, naona," akasema. "Lakini mikono unayo. Kuna zahanati Ilala wameagiza ndoo ishirini kwetu. Bati nakupa, wewe zigonge. Ujira wako ndiyo malipo ya deni."

Nikagonga wiki nzima, nikamkabidhi ndoo zote ishirini. Akazikagua, akanipa mkono, akaniambia sina deni.

Risiti?

Wakuu, niambieni kweli. Mzee amenisitiri, hakunitangaza kwa watu, halafu nimwambie "naomba uniandikie"? Nani kanilea mimi? Niliona ni utovu wa adabu, nikaondoka zangu nimefurahi. Hapo ndipo nilipokosea.

Miaka miwili baadaye mzee Kibwana akafariki, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Haikupita muda likaja tangazo kwamba kila mtu mjini awe na kitambulisho cha kazi. Ukikutwa huna, wewe mzururaji, unapakiwa kwenye lori unarudishwa kijijini ukalime.

Jembe silidharau, nimekula jasho lake. Lakini shamba la marehemu baba lilishagawanywa, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane. Safari ya Lindi kwa barabara ya wakati ule mnaijua? Wengine mlikuwa hamjazaliwa. Daraja likikatika mnalala njiani siku tatu. Nilikuwa naogopa, sifichi. Niliogopa kwamba mke wangu atajifungulia juu ya lori.

Kitambulisho kinataka barua ya ushirika kwamba wewe ni fundi kweli na hudaiwi. Nikaenda kifua mbele.

Katibu mpya alikuwa ndugu Elia, kijana wa Kilimanjaro, kalamu tatu mfukoni. Akafungua daftari, akashuka na kidole, akasimama.

"Ndugu, unadaiwa."

"Nilishalipa. Nililipa kwa ndoo."

"Ndoo? Hapa kuna safu ya shilingi, safu ya ndoo haipo."

"Alipokea marehemu mzee Kibwana."

"Marehemu hawezi kuweka saini, ndugu. Lete ushahidi. Jumamosi nafunga orodha ya vitambulisho."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nilimjibu jambo ambalo nikiliandika humu mods watanifungia.

Nikarudi nyumbani natukana njia nzima. Mke wangu akaniacha nimalize, akauliza, "Hizo ndoo zahanati walipewa bure?"

"Bure wapi? Ushirika uliwauzia."

"Basi wameandika kwamba wameuza. Waulize na wewe, walizinunua kwa nani?"

Wakuu, mwanamke huyu aliishia darasa la nne.

Sasa hapa niwaeleze kidogo. Kila fundi alikuwa na alama yake, anaigonga kwa msumari kwenye kitako cha ndoo ili ikivuja mteja ajue kwa kwenda. Yangu ilikuwa nukta tatu, kama mafiga. Gerezani nzima wanaijua.

Kesho yake asubuhi nipo zahanati. Nikaona ndoo zimepangwa ukutani, nikaanza kuzipindua moja moja. Mama mmoja mfanya usafi akanitokea na ufagio.

"Wewe! Unatafuta nini kwenye ndoo za wagonjwa?"

"Shikamoo mama. Natafuta alama yangu."

"Marahaba. Una akili timamu?"

Nikamweleza yote. Akaguna, akaingia ndani kuongea na mganga, akarudi na ndoo moja. Nukta tatu hizi hapa! Nilitaka kuibusu. Akasema nitapewa kwa siku moja, ila sharti niirudishe imezibwa, maana inavuja.

Yaani ushahidi wangu wenyewe unavuja! Nikaenda kuiziba kwanza, na aibu yangu.

Mchana nikaitua mezani kwa ndugu Elia. Nikamwambia taratibu, tena kwa adabu, kama nilivyofundishwa nyumbani: tazama daftari la mauzo, halafu tazama la manunuzi.

Akafungua la kwanza. Ndoo ishirini, zahanati ya Ilala, imelipwa taslimu. Akafungua la pili, akapekua mbele, akarudi nyuma. Hakuna fundi yeyote aliyelipwa ujira wa ndoo hizo. Akapindua ndoo, akawaita mafundi wawili waliokuwa nje.

"Alama hii ya nani?"

"Si ya huyu Mmwera hapa!" wakajibu kwa pamoja. "Kwani kafanyaje tena?"

Elia, nampa haki yake, akasimama na kuniomba radhi mbele ya watu wote. Akachukua rula na kalamu nyekundu, akakata lile deni, akaandika "Imelipwa kwa kazi", akagonga muhuri. Nikamwambia naomba na nakala. Akacheka, akaniandikia, na barua yangu juu.

Nilitoka pale na barua yangu mkononi. Nilikaa kibarazani kwa mtu nisiyemjua, nikapumua.

Nilipofika nyumbani nikakuta chumba kitupu. Mke wangu alikuwa ameshafunga mizigo yote, masufuria ndani ya shuka, nguo za mtoto juu kabisa. Hakuwa ameniambia, asinivunje moyo. Akaisoma barua mara mbili, polepole, akalia. Kisha akaanza kufungua mafundo, akanituma mkaa.

Mwanetu alizaliwa hapa hapa Dar, salama.

Nilichojifunza ni hiki. Dawa ya deni ni kulipa, sawa, ila ukishalipa simama hapo hapo mpaka waandike, na uondoke na karatasi yako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na malipo vilevile. Iwe daftari la Gerezani au kompyuta ya benki, haijifuti yenyewe. Nenda na ushahidi, ongea na adabu, usiondoke.

Na kumwomba mtu akuandikie si kumkosea heshima. Mimi kwa kumwonea haya mzee Kibwana, nusura nimfanye aitwe mwongo akiwa kaburini, na asingekuwepo wa kumtetea.

Haya, nani mwingine kadaiwa alichokwishalipa? Ulijinasuaje? Semeni, nipo nasoma, ila msinikimbize, naandika kwa kidole kimoja.