Baridi Kidogo, Si Sana

Darasa la saba sikumaliza, lakini hapa Mbwawa nani ana nyumba kama yangu? Majirani wengi ni watumishi wenye vyeti vyao, na mayai wananunua kwangu. Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye kosa langu usinidharau.

Vifaranga wangu wa kwanza, mia tano, niliwaweka Marui, Kisarawe, kwenye shamba alilotuachia baba. Mlezi wao alikuwa mama mmoja mtu mzima, jirani yetu wa siku nyingi. Bosi mimi, lakini akipokea simu naanza na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Leo baridi kidogo, si sana."

Hiyo kidogo ilininyima raha. Nakaa, nasimama, nazunguka uani. Kidogo ndiyo nini? Nikampigia tena.

"Mama, nataka jibu moja. Baridi ipo au haipo?"

"Ipo ipo tu, baba. Vifaranga wengine wanasogea kwenye jiko la mkaa, wengine wanakula."

"Basi ipo! Washa majiko yote manne ya mkaa, shusha mapazia, usifungue mpaka niseme."

"Yote manne?"

"Yote. Bosi nani?"

Akacheka. "Wewe, baba."

Huku kwetu manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kwa akili yangu, na Marui hivyohivyo. Haukupita muda moyo ukanikataa. Napiga simu, inaita tu. Nikapanda pikipiki. Kufika Kisarawe mjini, jua linanichoma mgongo.

Marui nikamkuta mama kasimama mlangoni mwa banda, jasho linamtiririka, mkono umeshika pazia. Ndani vifaranga wamejibana ukutani, mbali na majiko, midomo wazi, mbawa zimeachana. Arobaini na watatu walishakufa.

"Mbona hukufungua?"

"Ulisema mpaka useme. Haya, sema."

Nikang'oa pazia kwa mikono yangu. Yeye akatoa jiko moja, akawatazama vifaranga. Akatoa la pili, akatazama tena. La tatu akalifunika majivu nusu. Walipoanza kutawanyika na kula, akaacha.

Tangu siku hiyo amri yangu ni moja: wasilundikane, wasikimbie joto. Majiko mangapi, pazia nusu au robo, anaamua yeye, na yeye anawauliza vifaranga. Leo nina mabanda sita, na hakuna mwenye cheti aliyenifundisha.

Asubuhi hii kaniambia, "Joto kiasi, linaelekea kuzidi." Nikajibu, "Sawa, mama." Simu nimeiweka juu ya kabati, mbali nami. Hii ni mara ya tatu nainuka kwenda kuitazama.