Alama Mbili za Olga

Augustin alikuwa amefundisha Kiingereza miaka ishirini na miwili katika shule moja ya sekondari huko Makiso, mjini Kisangani, na muda wote huo alizungumza na Mwingereza mara moja tu, bandarini, kwa dakika chache. Lugha aliijua kwa vitabu, na kosa dogo halikumpita.

Juma lile alisahihisha barua za Kiingereza za darasa la tano. Olga, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Butembo, aliandika vizuri, ila mwishoni akamuaga rafiki yake kwa neno "sayonara". Augustin akalizungushia wino mwekundu, akamkata alama mbili na kuandika pembeni: Hiki si Kiingereza.

Siku ya kurudisha madaftari Olga alisimama.

"Papa prof, hii neno Waingereza wanaitumia. Nilisikia kwenye filimu, mu simu yangu."

"Hata mimi ninasema malamu ya Kilingala kila siku. Alors, malamu iko Kiswahili?"

"Hapa Kisangani watu wote wanaisema. Donc iko Kiswahili ya kwetu."

Darasa zima likacheka, na Augustin alijua wanamcheka yeye. Akamfukuza Olga nje.

Saa nne mama prefe, mkuu wa shule, Adeline, akamwita ofisini.

"Bon, Augustin. Hiyo neno iko mu kamusi ao haiko?"

"Mama prefe, kamusi ya shule imechanwa kuanzia herufi R. Mwaka wa pili huu ninaomba ingine!"

"Ninajua," alijibu Adeline, macho kwenye simu. "Utafute kwingine. Baba ya mutoto atakuja kesho."

Mchana Augustin akapanda toleka, baiskeli ikiyumba kwenye matope, hadi maktaba ya chuo kikuu. Asha, mtunza vitabu, akamletea kamusi nene ya Kiingereza. Neno lilikuwamo. Lilikaa katikati ya maneno mengine ya kawaida, likaelezwa kwa mstari mmoja: neno la kuagana, asili yake Kijapani. Akausoma mstari huo mara tatu. Kukosea kulimuuma, lakini kilichomkera zaidi ni kwamba miaka yote hiyo hakupewa kitabu kipya wala semina hata moja, kisha msichana mwenye simu akampita hivi hivi.

"Umepata?" Asha aliuliza.

"Nimepata." Akaifunga kamusi kwa kishindo.

"Pole pole, papa. Hiyo ndiyo moja tu tuko nayo."

Asubuhi iliyofuata, kabla baba yake hajafika, alimrudishia Olga alama zake mbele ya wote.

"Olga alikuwa na haki. Mimi nilikosea."

"Asante, papa prof," alisema Olga, bila kucheka.

Lakini sauti ikapaa kutoka viti vya nyuma: "Sayonara, prof!" Somo lilikuwa hata halijaanza. Augustin akageukia ubao na kuandika kichwa cha somo: Maneno ambayo Kiingereza kimeazima. Chaki ikamvunjikia mkononi. Akainama, akaokota kipande, akaendelea kuandika.