Miwani Aliyoikataa Kisiki

Kisiki hakuitwa hivyo kwa sababu ya ufupi, ingawa urefu nao ulimpitia mbali. Wapagazi wenzake walimpa mwanamke huyo jina hilo kwa kuwa akishakita miguu chini, hata mvua ya mawe haimng'oi. Kwa miaka mingi alibeba mahema, majiko na masufuria ya watu, akiishia kambi ya mwisho, pale theluji inapoanza. Huko juu kwenye barafu walikwenda wenye kamba, na wenye kamba walikuwa wanaume. Sasa Mkuu, yaani kiongozi wa viongozi wote pale kazini, alikuwa amemwita ofisini kumwambia kwamba safari ijayo kamba ataishika yeye, awavushe wageni barafuni hadi kileleni.

"Lakini tusidanganyane," Mkuu alisema, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Mara ile nilikupa nafasi, ukarudi umeshikwa mkono kama mtoto anayefundishwa kutembea. Macho yakikuharibikia tena, unarudi kwenye masufuria, na hapo usije kunililia."

Ilikuwa kweli tupu. Mara ile alivaa miwani ya barabarani, nyeusi tii, ya kutembelea mjini, akadhani weusi ndio kinga. Usoni alijipaka mafuta ya mgando kama wapagazi wote, ambao wanaamini kwamba uso ukishang'aa jua linateleza. Na watu wa rangi yetu, walisema, hawaungui. Jua la barafuni halikuuliza rangi ya mtu. Lilimpiga kutoka juu, likatua kwenye theluji, likarudi kumpiga tena chini ya kidevu, hata ndani ya matundu ya pua, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hategemei kuunguzwa na jua. Jioni macho yalianza kuwasha, kisha ikawa kama kuna mtu anayasugua kwa mchanga. Alishushwa akiwa amefungwa kitambaa usoni, machozi yakimtiririka, na njia nzima alijiapiza kwamba jambo hilo halitamtokea tena, asilani.

Nyumbani aliishi na dada yake, fundi wa cherehani, pamoja na Mjomba, kaka wa marehemu mama yao. Mjomba naye aliwahi kuwa kiongozi wa mlima, tena wa kutajwa. Sasa macho yake yalikuwa na ukungu. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Ukimwuliza yamepatwa na nini, alikuwa na jibu moja tu: "Mlima ulinilisha, basi ukajilipa."

Nyumba hiyo ilikuwa na mchezo wake. Kila aliyerudi kutoka mlimani, kabla hajavua viatu, alipewa sindano na uzi. Mchezo aliuanzisha mama, aliyekuwa fundi pia, ili kumtania kaka yake, ambaye kila akirudi alipapasa tundu la sindano kama anayetafuta mlango gizani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mjomba aliwazidi wote kwa kucheka. Hakuna aliyekumbuka kumwona akitunga ule uzi hata mara moja. Siku Kisiki alipoletwa amefungwa kitambaa, dada yake hakuitoa sindano.

Habari ya kamba ilipofika nyumbani, Mjomba aliingia chumbani, akapekua sanduku lake weee, akatoka na miwani ya vioo vya duara, vya kijani kibichi, imeviringishwa kwenye kitambaa laini.

"Hii imefika kileleni mara nyingi kuliko miguu yako," alisema. "Sikumpa mtu. Nilikuwa naisubiri damu yangu."

Kisiki aliipokea kwa mikono miwili, akaona pembeni kuna vishikizo vitupu. "Hapa palikuwa na nini, Mjomba?"

"Vipande vya ngozi. Nilivikata mwenyewe zamani, vilikuwa vinanitoa jasho."

Kesho yake adhuhuri Kisiki aliazima ngazi, akapanda juu ya paa la jirani. Jirani alikuwa ameezeka mabati mapya, na mabati yale wakati wa jua yalikuwa hayatazamiki. Alikaa katikati yake, mfukoni ana miwani ya barabarani, usoni kavaa ya Mjomba.

"Wewe! Unatafuta nini huko?" dada yake alipaza sauti kutoka dirishani.

"Natafuta theluji!"

"Haya, ukiipata niletee kidogo!"

Kisiki hakucheka. Kwa mbele, miwani ya Mjomba ilikinga vizuri. Lakini mwanga wa bati uliingia kutoka pembeni na kutoka chini, ukamchoma. Alipoziba pembeni kwa viganja, macho yalipumzika. Alipotoa viganja, machozi yalimtoka. Alirudia tena na tena, kama anayetumaini kwamba bati litabadili mawazo. Kisha akashuka na jibu ambalo halikuwa lake peke yake; lilikuwa la macho ya Mjomba pia.

Duka la vifaa vya mlimani lilikuwa la mama mmoja asiyependa kubembeleza wateja. "Weusi ni pazia tu," alimwambia. "Kioo cheusi kisichozuia mionzi ni adui, maana mboni inafunguka kwa giza halafu mionzi inaingia yote." Kisiki alichagua miwani yenye alama ya vioo vya barafuni, iliyofunika pembeni kwa ngozi na kukumbatia mashavu. Akaacha losheni nyepesi yenye harufu nzuri, akachukua ile nzito yenye namba kubwa ya kinga ya jua, inayomwachia mtu weupe usoni. Akaongeza ya midomo. Dada yake alimshonea pazia la kitambaa nyuma ya kofia, la kufunika shingo na masikio.

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote. Jioni ya kuamkia safari aliiweka miwani ya kijani mapajani mwa Mjomba.

"Mjomba, nisamehe. Sitaivaa."

Mjomba aliipapasa, akaitambua. "Kwa hiyo umeona mjomba wako hana akili?"

"Hapana. Nimeona mjomba wangu hana macho."

Cherehani ilinyamaza. Kisiki mwenyewe alitishwa na maneno yake, lakini hakuyarudisha. Mjomba alinyanyuka, akaenda kulala bila kula, na alfajiri hakutoka kumuaga. Kisiki alibeba huzuni hiyo pamoja na begi lake, akapiga moyo konde.

Kwenye kambi ya mwisho wapagazi walimwona anavyojipaka: usoni, masikioni, chini ya kidevu, matundu ya pua. Wakaangua kicheko. "Jamani, nani kamwagia Kisiki unga?" Akawaacha wacheke. Aliwapaka na wageni wake wote, na kila walipopumzika njiani aliwapaka upya, kama mama mwenye watoto wengi siku ya kuoga.

Katikati ya barafu wingu likafunika jua. Wageni wakashusha pumzi, mmoja akavua miwani, wengine wakamfuata. Kisiki akasimama. Kamba ikakaza.

"Vaeni."

"Lakini jua halipo," alisema mgeni mmoja.

"Lipo. Limejificha tu. Vaeni, au tugeuze sasa hivi."

Walimbembeleza, wakamnunia, mmoja akasema atamsemea kwa Mkuu. Upepo ulikuwa unakata na kilele kilikuwa kinaonekana. Kisiki alikita miguu kwenye theluji, akawatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho alipovaa. Ndipo akavuta kamba, wakapanda. Walifika kileleni, na waliteremka wote wakitazama wenyewe wanapokanyaga. Mkuu aliwapokea langoni, akamkazia Kisiki macho, kisha akasema tu, "Safari ijayo ni yako pia."

Nyumbani Mjomba alikuwa kitini, uso ameuelekeza ukutani. Dada alisimama mlangoni, sindano mkono mmoja, uzi mkono mwingine, hajui atoe au afiche. Kisiki alivichukua akiwa bado na viatu vyake vya matope. Akalamba ncha ya uzi, akalenga, ukapita.

"Umepita!" dada alipiga kelele. "Mara moja tu, Mjomba! Umepita!"

Mjomba alinyoosha mkono, akapewa sindano, akaupapasa uzi upande huu na upande wa pili. Kisha akaomba miwani mpya. Vidole vyake vilipita kwenye vioo, vikafika kwenye ngozi za pembeni, vikakaa hapo muda mrefu.

"Kumbe mlima haukuchukua kitu," alisema. "Vile vipande nilivikata mwenyewe."

Kisiki alipiga magoti, akamshika mkono, na hakumwambia kwamba si kweli.